Mpaka wa Sanduku la Barua

"Vidole nitakupa vyote, hata vya miguu ukivitaka," alisema Saloma Keim. "Uso siwezi."

Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu katika ofisi ya karani wa mji wa Pell Creek, mgongo umenyooka, kofia yake nyeusi ya kitambaa imefungwa chini ya kidevu. Kati yetu kulikuwa na kamera ndogo, taa yake nyekundu ikiwaka. Nilikuwa nimeiwasha kabla hajaingia, kwa mazoea tu, kama nilivyofanya kwa wauza dawa za mchwa na wauza madirisha waliomtangulia asubuhi ile. Alipoiona aligeuka akautazama ukuta, na tangu hapo akawa anazungumza nami huku akiutazama huo ukuta.

"Nimeizima, Bi. Keim."

"Una hakika, binti?"

"Nimeichomoa kabisa."

Ndipo akanigeukia.

Sheria ndogo mpya ya wachuuzi wa nyumba kwa nyumba ilikuwa imepitishwa majira ya kuchipua, na hakuna aliyeweza kudai kwamba haikuwa na sababu. Mvua ya mawe ilikuwa imetoboa mapaa ya nusu ya mji, na kabla maji hayajakauka vyumbani, vijana wenye malori na tabasamu pana wakapita mlango kwa mlango, wakachukua malipo ya awali kutoka kwa wazee, wakaondoka na ngazi zao na wasionekane tena. Halmashauri iliapa kwamba jambo hilo halitarudiwa. Ikaandikwa kwamba kila anayebeba bidhaa kwenye milango ya watu sharti avae kifuani beji yenye jina lake, muhuri wa mji na picha ya uso wake. Asiyeivaa huonywa mara moja. Akirudia, hufikishwa mahakamani na hapewi kibali tena maishani mwake. Niliisoma sheria ile kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta neno "isipokuwa", na sikuliona.

Saloma ni wa Waamishi wa bonde la juu, Wakristo wa utaratibu wa zamani kabisa, ambao hawataki umeme ndani wala taa kwenye vigari vyao vya farasi. Kwao, mtu kujisimamisha mbele ya kamera ni kujichongea sanamu. Nilikuwa nalifahamu hilo, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alitoka kwao. Hata hivyo kazi yangu ilikuwa kuuliza, nami nikauliza kama hakuna namna yoyote.

"Dada yangu Dena alipigwa picha kwenye maonyesho ya kilimo," alijibu. "Alikuwa msichana. Alisimama, akatabasamu, na walipomtaka atubu akasema haoni kosa. Unajua anakula wapi?"

"Kwenye meza ya pili, ya waliotengwa na kanisa."

"Bibi yako alikufundisha vizuri. Meza mbili, kitambaa kimoja. Mgeni akiingia anadhani ni meza moja ndefu. Lakini katikati pana nafasi, kama upana wa kiganja, na bakuli la viazi halivuki hapo. Mama yangu alimpenda Dena mpaka siku anakufa, na hakumpitishia bakuli." Akashusha mikono yake mezani, mikono mikubwa yenye unga kwenye mikunjo ya vidole. "Mimi ninakula na wajukuu, binti. Yule mdogo bado ananitaka nimpondee viazi. Sasa niambie, halmashauri yenu inataka nifanye nini?"

Nilimwambia kwamba angeweza kuomba kusikilizwa katika kikao kijacho. Nikamwandikia barua ya maombi alivyoisema yeye, akatia sahihi yake ndefu ya shule ya kijijini. Nikamsihi asigonge mlango wowote hadi siku hiyo.

"Na tambi nilizokwisha kata?" aliuliza.

Nikaipiga barua yake muhuri.

Mumewe, Levi, aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata, akafa, na tangu mwaka huo Saloma amekuwa akishuka mjini kila Ijumaa na kigari chake cha mkono kilichojaa tambi za mayai, mikate na vitobosha, vile vimkate vilivyojazwa tufaha. Wanawake wengine wa bonde hilo huweka vibanda barabarani, wakangoja magari. Yeye alipenda milango. Alijua ni ipi inayokwama wakati wa mvua na ni ipi inayofunguliwa na mtu aliyelia. Hakuwahi kubonyeza kengele hata moja, kwa kuwa kengele za mjini ni za umeme. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Mimi ninaishi Mtaa wa Sycamore, ambao ndio ulikuwa njia yake. Ijumaa iliyofuata nilirudi nyumbani kula chakula cha mchana, nikamkuta yuko kwenye kibaraza cha jirani yangu, Carla Bostwick, anayeishi na mama yake, Irene. Alikuwa ameinama kidogo kuelekea ile kengele nyeusi iliyo kando ya mlango, ambayo uso wake unang'aa kama kioo, akisukuma unywele uliochomoza chini ya kofia. Alipojiridhisha alisimama wima, akagonga mbao. Nilijua ile kengele ni kitu gani. Nilidhani naye anajua.

Kabla mlango haujafunguliwa, gari la polisi likasimama taratibu nyuma ya kigari chake. Sajini Dwight Pruitt, mwanamume mnene ambaye kila mtu mjini amewahi kumwona na makombo kwenye sare, alishuka huku akipandisha suruali.

"Mama Saloma, unanitafutia ugomvi nyumbani kwangu," alisema. "Nikikuandikia onyo, mke wangu hatanipikia. Nisipokuandikia, Meya hatanilipa. Nichague njaa ipi?"

"Sichuuzi, Dwight. Ninapeleka oda. Irene aliniagiza."

"Irene sawa. Na pale kwa akina Hutchins ulikotoka sasa hivi, nani alikuagiza?"

"Harufu ya mkate ndiyo iliyoagiza. Mimi nilipita tu."

Sajini alicheka, lakini kitabu chake cha maonyo kilikuwa kimeshatoka mfukoni. Aliandika polepole, akiwa amekunja uso kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

"Hili ni onyo," alisema, akimkabidhi karatasi. "Mama, nisikilize vizuri. Halipo la pili. Nikikukuta tena bila beji, mambo yanatoka mikononi mwangu."

"Nimesikia."

"Piga hiyo picha, basi! Ni kufumba na kufumbua tu. Mungu mwenyewe hataona."

Saloma alimtazama mpaka akaacha kutabasamu. "Wewe ni mtu mzuri, Dwight," alisema, "na hilo ndilo linalonitia hofu."

Sikuyaelewa maneno hayo hadi siku ya kikao.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa jioni ile kuliko nilivyowahi kuuona. Nilikaa pembeni ya meza kuu nikiandika kumbukumbu. Saloma alikaa safu ya mbele, mikono juu ya aproni. Kando yake, kwa kuacha kiti kimoja katikati, alikaa shemeji yake Enos, ndugu wa marehemu Levi. Enos ni shemasi wao. Mtu wa kanisa lao akituhumiwa kuvunja utaratibu, Enos ndiye anayepanda kigari na kwenda kumuuliza, na neno lake ndilo linalofika kwa askofu. Hakuwa mkali wa sura. Alikuwa na ndevu nyeupe na macho ya mtu anayesikiliza sana, na kofia yake ilikaa magotini bila kutikisika.

Meya Lyle Hatcher alimwita kwanza Carla Bostwick, aliyekuwa ameandika kupinga maombi.

"Sina ugomvi na mama huyu," alisema Carla. "Tambi zake ziko jikoni kwangu. Lakini mama yangu aliwafungulia mlango wale watu wa mapaa kwa sababu tu walikuwa na nyuso nzuri na walimwita bibi. Mimi nilikuwa kazini. Alilia mwezi mzima, si kwa pesa, kwa aibu. Tangu hapo anaogopa kujibu simu. Mkianza kusema huyu tunamjua, yule tunamjua, kesho atakuja mwingine mnayedhani mnamjua. Sheria iwe ya wote, au isiwe ya mtu."

Watu walipiga makofi, na si watu wabaya waliopiga. Nilimtazama Saloma. Naye alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana.

Ndipo Sajini Pruitt akainua mkono. Alikuwa amechana nywele kwa maji, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

"Mheshimiwa Meya, nadhani nimepata dawa," alisema. "Tatizo la mama yetu ni kusimama apigwe picha. Sivyo? Basi hana haja ya kusimama. Picha ipo tayari."

Akabonyeza kitu mkononi, na ukuta ulio nyuma ya Meya ukawaka.

Ulikuwa uso wa Saloma, mkubwa kuliko mlango wa ukumbi, umevutwa kidogo katikati kama unavyovutwa uso juu ya kijiko. Macho yalikuwa yamekazwa, midomo imebanwa, vidole viwili vikisukuma unywele chini ya kofia. Alikuwa akijitazama. Mtu yeyote aliyeiona picha ile aliweza kuona kwamba alikuwa akijitazama.

"Imetoka kwenye kengele ya mlango ya Carla," aliendelea Sajini. "Nimeshaitengeneza na beji." Akainyanyua, ikaning'inia kwenye kamba yake ya bluu. "Hakusimama, hakutabasamu, hakujua. Dhambi haipo! Anavaa tu, na Ijumaa tunakula mkate."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakuna aliyemfuata.

Saloma alikuwa amesimama. Sidhani kama alijua kwamba amesimama. Maisha yake yote alikuwa hajaiona sura yake zaidi ya ile inayotosha kioo kidogo cha kufungia kofia, na sasa ilikuwa ukutani mbele ya mji mzima na mbele ya shemasi.

"Kengele," alisema. "Ile kengele inaona?"

"Ni kamera, mama," alisema Carla. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na alimtazama Sajini kwa hasira. "Dwight, uliniambia unaitaka kwa uchunguzi."

"Imenipiga picha mara moja hii tu?" aliuliza Saloma.

Carla akatikisa kichwa. "Kila ulipokuja."

"Na kwa akina Hutchins? Na pale kwenye mlango wa kijani?"

"Nusu ya mtaa wanazo, mama. Labda zaidi."

Nilisikia Enos akivuta pumzi. Alizungumza bila kuinuka, kwa Kijerumani chao, kwa sauti ambayo haikuwa ya kusikiwa na watu. Mimi niliielewa, kwa kuwa ni lugha ambayo bibi yangu alikuwa akinigombeza kwayo.

"Hukujua, shemeji," alisema. "Asiyejua haulizwi. Lakini sasa umejua."

Meya Hatcher aliegemea mbele kwa wema. "Naona jambo limejimaliza lenyewe, Bi. Keim. Picha imeshapigwa, haiwezi kurudi ilikotoka. Chukua beji yako, twende nyumbani tukalale."

Sajini alikuwa amemsogelea, beji imelala kiganjani. Saloma aliitazama. Kalamu yangu ilisimama. Angenyoosha mkono tu, milango yake yote ingefunguka, na hakuna mtu ukumbini ambaye angemlaumu, isipokuwa mmoja aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake.

"Dwight, ulitaka kunisaidia," alisema.

"Ndiyo, mama." Furaha ilikuwa imeshamtoka.

"Najua. Ndiyo maana sitakugombeza mbele za watu." Kisha akamgeukia Meya. "Walichokichukua bila kuniuliza, wataulizwa wao. Nikikivaa, nitaulizwa mimi. Siivai. Na nikikosa kibali, basi nimekikosa. Tafadhali zimeni huo ukuta."

Hakuna aliyekuwa karibu na swichi kuliko mimi. Nikauzima.

Meya alichukua barua ya maombi, akaisoma upya huku ameshika miwani, na alipozungumza hakutazama mtu.

"Hapa amesema atatoa alama za vidole. Wale matapeli wa mapaa walikuwa na picha nzuri kabisa kwenye vitambulisho vyao vya uongo. Sidhani kama wangekubali kutoa vidole." Akaipendekeza ibara ndogo: kwamba mkazi wa wilaya anayezuiwa na dini yake kupigwa picha avae beji yenye alama ya dole gumba mahali pa uso. Wajumbe walibishana, wengine wakakumbusha machozi ya mama yake Carla, na walipopiga kura ibara ilipita kwa tofauti ya kura moja.

Watu walianza kunyanyuka wakipeana mikono, kana kwamba wameshinda wote. Sajini alimpongeza Saloma mara mbili. Yeye alibonyeza kila kidole kwenye wino wangu kwa utiifu, akajifuta, kisha akavuka ukumbi hadi aliposimama Carla.

"Kile kijicho chako," aliuliza, "kinaona mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye sanduku la barua, pale kando ya barabara. Zaidi ya hapo hakioni kitu." "Siwezi kukitoa, mama. Naomba unielewe. Nikiwa kazini ndiyo njia pekee ya kumwona mama yangu."

"Sijakuomba ukitoe. Ni mlango wako."

Walipopita mbele yangu wakitoka nje, Enos alisema kwa ile lugha yao, na hapakuwa na kejeli ndani yake, "Wamekupa ruhusa ya kwenda mahali ambapo huwezi kwenda."

Beji yake niliitengeneza kesho yake. Jina, muhuri, na katika kisanduku cha uso, mistari myembamba ya dole gumba iliyozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Alipaswa kuja kuichukua Jumatano. Hakuja, na Alhamisi pia hakuja. Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa, nikaitia beji katika bahasha, nikaenda nayo Mtaa wa Sycamore.

Alikuwepo. Alikuwa amesimama barabarani na kigari chake, nje ya sanduku la barua la nyumba ya kwanza, akiwa ameshika kengele ya ng'ombe. Mbali kidogo, penye kona, kigari cheusi cha farasi kilikuwa kimesimama kivulini. Niliitambua ile kofia pana iliyokuwa ndani. Enos hakuwa amekuja kununua kitu.

Saloma aliipiga kengele mara moja tu, na gari la polisi likajitokeza.

"Mama, mama, mama," alisema Sajini Pruitt, akishuka kabla hata gari halijatulia. "Hapana kengele. Sheria ileile, kifungu cha mwisho. Hapana kengele, wala pembe, wala kuita bidhaa kwa sauti."

"Nimesimama barabarani, Dwight. Sijagusa mlango wa mtu."

"Kusimama ruhusa. Kelele ndiyo hapana."

"Sheria yenu ina masikio pia?"

"Ina kila kitu isipokuwa moyo," alisema Sajini, akajutia mara moja, akanitazama mimi kana kwamba ningeliandika.

Saloma aliifunga kengele kwa kitambaa na kuilaza kati ya mikate. Akasimama. Hakuita, hakugonga, hakupunga mkono. Mapazia ya akina Hutchins yalitikisika, mtu akachungulia, mapazia yakatulia. Katika kila kibaraza, kando ya kila mlango, palikuwa na kile kioo cheusi. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote bila kukihesabu kuwa kitu. Asubuhi ile nilihisi vyote vinamtazama, navyo vinangoja avuke.

Alikisukuma kigari hadi sanduku la pili. Akangoja. Hadi la tatu. Magurudumu yalipiga kelele ndogo kwenye kokoto, na kule konani farasi wa Enos alisogea hatua chache, akasimama tena.

Mbele ya nyumba ya Carla mlango ulifunguliwa.

Alikuwa Bi. Irene, mama yake Carla, katika sweta lake la manjano, amekishikilia kile chuma chake cha kutembelea chenye miguu minne. "Saloma!" aliita. "Mbona umesimama kama nguzo ya taa? Njoo!"

"Siwezi, Irene. Leo njoo wewe."

"Nije wapi na miguu hii?"

Lakini alikuwa ameshaanza. Alikisogeza chuma hadi ukingo wa kibaraza, juu ya ngazi za saruji, akautanguliza mguu mmoja angani akitafuta pa kukanyaga.

"Irene, usishuke!" Saloma alikuwa ameachia kigari. Kiatu chake kilifika usawa wa sanduku la barua, kikasimama. Niliona mwili wake wote ukiegemea mbele, na kiatu kikakataa. "Simama hapohapo! Nakuomba!"

"Basi panda wewe!"

"Kuna lile jicho!"

"Jicho gani?"

"Hilo lililo kando ya mlango wako!"

Na hapo jicho lenyewe likasema. "Mama?" Ilikuwa sauti ya Carla, nyembamba, ikitoka kwenye kengele. "Mama, uko nje unafanya nini? Rudi ndani. Mama, ngazi hizo!"

"Nanunua tambi," Irene aliijibu kengele.

"Nitakununulia dukani nikitoka kazini!"

"Za dukani zina ladha ya karatasi." Alijivuta kutoka ukingoni, akageuka, akakitazama kile kioo cheusi kwa karibu, pengine kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndilo hili. Ndilo unalonichungia kama kuku."

Akaachia mkono mmoja ili avue sweta. Chuma kiliteleza, yeye akayumba, na sote watatu tuliokuwa barabarani tukatoa sauti moja. Sajini alikuwa ameshavuka nusu ya bustani alipoona Irene amesimama sawa, mkono mmoja nje ya sweta, akihema na kututazama kwa ghadhabu. Alimalizia mkono wa pili. Juu ya kengele kulikuwa na msumari ambao Carla hutundikia taji la Krismasi. Irene alilirusha sweta, likaanguka. Akaliinua kwa mguu wa chuma chake, akalirusha tena, likanasa. Lilining'inia likaifunika kengele yote, na mkono mmoja wa manjano ukabaki ukipepea.

"Mama! Sioni kitu! Mama!" iliendelea sauti chini ya sufu.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Nina mgeni."

Sajini Pruitt alisimama katikati ya majani, mikono kiunoni. Alitazama sweta, akamtazama Saloma. "Mama," alisema polepole, na safari hii hakutania, "ukivuka hapo na mkate, umekwenda mlangoni. Ukienda mlangoni bila beji, unajua nitakachotakiwa kufanya. Niambie unayo."

Saloma hakuwa nayo. Nilifungua bahasha, nikampa.

Aliligeuza dole gumba lake lililochapishwa upande huu na ule. Kisha akatoa pini kwenye ukosi wake, maana watu wake hufunga nguo zao zote kwa pini, akaibana beji kifuani mwa aproni. Sajini akarudi nyuma, akamwachia njia.

Hakwenda. Alikuwa amegeuka, anatazama kona.

Enos alikuwa ameteremka. Alitembea hadi katikati ya barabara akiwa ameshika hatamu kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili, farasi akimfuata, akasimama mahali alipoweza kukiona kibaraza vizuri. Alilitazama lile sweta kwa muda mrefu mno. Mkono wa manjano ulipepea, na sote tukautazama, kwa kuwa upepo ungeweza kuamua jambo ambalo halmashauri ilikuwa imeshindwa kuliamua. Mkono haukuinuka zaidi ya hapo, na kile kioo kikabaki kimefunikwa.

Shemasi alivaa kofia yake.

"Shemeji," aliita. "Saa sita tunakula. Mke wangu Anna amekwisha kuliweka bakuli la viazi upande wako."

Akamgeuza farasi.

Saloma alikivuta kigari, akalipita sanduku la barua, akapanda njia ya saruji bila haraka, akabeba mkate na pakiti ya tambi ngazi hadi ngazi. Irene alikuwa amesimama mbele yake, mlango wazi, mikono imenyooshwa. Hata hivyo Saloma alinyoosha kifundo cha kidole, akagonga fremu ya mlango mara tatu, akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

"Mama," iliuliza sauti kutoka chini ya sweta, "ni nani huyo anayegonga?"

"Mwenye kibali," alijibu Irene, akamvuta ndani.